Miaka saba kati ya bibi wa Kiitaliano na jirani zangu Wapunjabi: nilichojifunza kuhusu kuishi kwa kiasi

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu. Leo naomba niandike, na nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Nyuzi za kubana matumizi ziko nyingi na nazisoma zote. Karibu zote zinakwenda kwenye hesabu: tenga kiasi hiki, acha kile, andika kila shilingi. Sizipingi. Ila mimi nimefundishwa kuishi kwa kiasi na majirani wawili ambao sijawahi kuwasikia wakitamka neno bajeti, na kila mmoja ana njia yake. Nataka niwalinganishe hapa, maana kila nikiwaza jinsi tunavyoishi sisi, wao ndio wananijia kichwani.

Naishi mkoa wa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Nyumba yetu ina ghorofa tatu. Chini anakaa bibi wa Kiitaliano, mjane, amevuka themanini. Juu wanakaa Wapunjabi: baba, mama, watoto wawili, na mama mzaa baba. Mimi niko katikati.

Msishangae kusikia Wapunjabi huku. Hii ndiyo nchi ya jibini la Parmigiano, na tangu miaka ya 1980, vijana wa Kiitaliano walipoanza kuyakimbia mabanda ya ng'ombe, walioingia ni watu wa Punjab, kaskazini mwa India, wengi wao Masingasinga, wale tunaowaita Kalasinga. Ng'ombe hana Krismasi wala Jumapili, anataka kukamuliwa alfajiri na jioni, na Mpunjabi amekulia na ng'ombe na nyati uani kwao, haoni ajabu. Donge moja la Parmigiano lina uzito wa kama kilo 40 na linakula lita 550 hivi za maziwa. Maziwa ya jioni huchanganywa na ya asubuhi, halafu donge likaachwa likomae kwa miezi isiyopungua 12. Kwa hiyo hilo jibini ambalo Waitaliano wanajivunia kuliko yote, maziwa yake kwa sehemu kubwa yanapitia mikononi mwa Mhindi. Jirani yangu wa juu anatoka saa tisa usiku kwa baiskeli, baridi au mvua.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naosha vyombo mgahawani, na mshahara ulikuwa unaisha tarehe kumi na tano. Nilinunua viatu vya kupigia picha za kuwatumia watu nyumbani, nikabadilisha simu mara mbili, nikakopa. Siku moja bibi akanikuta natupa mkate uliokauka kwenye pipa la takataka. Hakusema kitu. Aliingiza mkono kwenye pipa, akautoa, akaufuta kwa aproni yake, akaondoka nao.

Kesho yake akanigongea mlango, ana bakuli la mchuzi wa kuku wenye tambi nene fupi ndani. Hizo ni passatelli. Ule mkate wangu mkavu alikuwa ameukwaruza ukawa unga, akauchanganya na jibini, mayai na kungumanga kidogo, akaukamulia kwenye mchuzi unaochemka. Nilikula nilichokuwa nimekitupa, na sijala kitu kitamu vile tangu nije nchi hii.

Toka siku hiyo nikawa natazama jikoni kwake. Ganda la Parmigiano, lile gumu la nje, analikwangua na kulihifadhi kwenye friza, likatumbukizwe kwenye supu ya maharage. Mboga ya spinachi hatupi vikonyo, anavikatakata ndani ya pai yao ya mboga inayoitwa erbazzone. Waitaliano wana jina la mapishi haya, cucina povera, yaani mapishi ya maskini, na kila eneo lina ya kwake. Toscana wanachemsha upya supu ya jana ya maharage na kabichi, pamoja na mkate uliolala, wanaiita ribollita, maana yake "iliyochemshwa tena". Kusini kabisa, ambako jibini lilikuwa la matajiri, mtu alikaanga chenga za mkate kwa mafuta ya zeituni akanyunyizia tambi zake. Leo vyakula hivyo hivyo vinauzwa ghali kwenye migahawa ya watalii.

Sasa panda juu. Kiporo cha dengu cha usiku, asubuhi mama anakikandia kwenye unga wa ngano usiokobolewa, anasukuma parata, zinaliwa na mtindi na achari. Maziwa yakizidi wanagandisha mtindi, siagi wanaichemsha iwe samli. Nguo ya mtoto mkubwa inashuka kwa mdogo, kisha inakuwa tambara la kudekia. Upande wa Bengal wanawake walichukua sari zilizochakaa, wakazipanga tabaka juu ya tabaka na kuzishona kwa mkono hadi zikawa mablanketi ya kantha, tena yenye nakshi. Kutotupa kitu wanakujua wote wawili, wa chini na wa juu.

Wanapoachana ni hapa, na niliona kwenye vikombe. Bibi ana seti moja ya vikombe vizuri vya kahawa, alipewa alipoolewa, na anavitumia kila siku. Kahawa yake ni funda tatu tu, lakini lazima iwe nzuri. Akiwa mjini anainywa kasimama kaunta, kwa sababu katika baa nyingi za kahawa ukikaa mezani bei inapanda. Juu wanakunywa chai kwenye vikombe vya chuma. Vile vizuri vimefungiwa kabatini, vinasubiri wageni na harusi ya binti ambaye sasa ana miaka tisa.

Mwitaliano niliyemjua mimi anapunguza wingi ili leo iwe nzuri: koti moja tu, lakini la sufu nzito, amelivaa miaka thelathini na kola imegeuzwa. Mhindi niliyemjua anaipunguza leo yenyewe, kwa ajili ya kesho ya ukoo mzima: shamba Punjab, ada ya mtoto, dhahabu ya binti, matibabu ya baba mkubwa.

Karibuni tujadili. Nitarudi.

#2 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, uzi mzuri, lakini nipinge kidogo. Wahindi gani hao wa kuishi kwa kiasi? Harusi ya Kihindi inachukua siku nne, watu mia tano, bibi harusi kabeba dhahabu mpaka hageuki. Hapo kiasi kiko wapi?

#3 Mleta uzi

Mkuu, umegusa penyewe, wala sitawatetea. Mahari kule hutoka upande wa mwanamke kwenda kwa mwanamume, na India iliyapiga marufuku kwa sheria tangu 1961. Mpaka leo yanaendelea chini kwa chini, na kuna familia zinafilisika na mabinti wanaoteswa kwa ajili yake. Jirani yangu wa juu anajibana miaka ishirini ili atumie siku nne. Nimemwambia usoni. Alinijibu kwamba akifanya harusi ndogo, kijiji kitasema Italia imemshinda. Tukanyamaza wote, kwa sababu mimi nilinunua vile viatu kwa sababu hiyo hiyo.

Dhahabu niiseme tofauti kidogo. Kwa mwanamke wa Kihindi bangili si pambo tu. Kwa mila yao, mali anayopewa mwanamke katika ndoa ni yake mwenyewe, na katika vijiji visivyo na benki bangili ndiyo iliyokuwa benki yake. Mvua ikigoma, bangili inakwenda rehani kwa sonara, mavuno yakija inarudi mkononi. Hiyo ni akiba. Tatizo linaanza dhahabu inapokuwa bei ya kumwozesha.

#4 Mchangiaji, Mombasa

Ndugu mleta uzi, shukran. Niongeze la huku kwetu pwani. Mabohora wa hapa Mombasa, Waislamu ambao asili yao ni Gujarat, India, mimi nimekula nao. Huketi chini, watu wanane au zaidi kidogo wauzunguka upatu mmoja mkubwa, na wote waanza kwa kuonja chumvi. Tajiri mwenye duka la vyuma na karani wake mkono wao waingia upatu mmoja. Na hawasazi! Punje ya wali ikibaki, mzee akutazama. Tena wana jiko lao la jamaa ambalo kila nyumba yapelekewa mkebe wa chakula, awe nacho asiwe nacho. Hapo ndipo nilipojua kwamba kile tulichokuwa twakiita ubahili wa Muhindi, baadhi yake ni mpango.

Waitaliano nao tunao, Malindi wamejaa. Lakini sisi tumewajua wakiwa likizoni, na mtu wa likizo hana kiasi. Bibi wako huyo mimi sikupata kumuona Malindi.

#5 Mchangiaji, Dodoma

Mimi nasema ukweli bila kumvunjia mtu heshima. Huo ni umaskini mnaupamba. Hao watu walikula mkate mkavu kwa sababu hawakuwa na mwingine. Anayeishi kwa kiasi ni yule anayeweza kula nyama akaamua kutokula. Bibi yangu alikula mlenda miaka sabini na hakuna aliyemwandikia uzi.

#6 Mleta uzi

Mkuu wa Dodoma, nimeusoma mchango wako mara tatu. Ngoja nikujibu kwa mambo ya kweli.

Kwanza, uko sahihi kwamba kuna umaskini usiopaswa kupambwa. Huku kaskazini mwa Italia, katika karne ya 18 na ya 19, wakulima walikuwa wanakula polenta asubuhi, mchana na jioni. Polenta ni ugali, wakuu, ugali wa mahindi kabisa. Kwa kukosa maharage, maziwa na nyama, maelfu waliugua pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, na mwishoni akili inaruka. Hospitali za wagonjwa wa akili zilijaa wakulima. Mahindi yakipikwa hivi hivi, vitamini yake ya niasini mwili hauipati vizuri. Wenyeji wa Mexico, walikotoka mahindi, tangu zamani waliyachemsha kwa chokaa na hawakuugua. Ulaya walichukua mbegu, wakaacha ujuzi wa kupika. Sisi walaji wa sembe tuna la kujifunza hapo, na mlenda wa bibi yako na maharage ya huyu bibi wangu vimeokoa watu kuliko tunavyofikiri.

Pili, kusini kuna mji unaitwa Matera. Watu waliishi kwenye mapango yaliyochongwa mwambani, familia nzima na nyumbu wao chumba kimoja, watoto wakifa kwa malaria na magonjwa ya tumbo. Mwaka 1952 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha, watu wapatao 15,000 wakahamishiwa nyumba mpya. Mwaka 1993 UNESCO ikayaweka mapango hayo kwenye urithi wa dunia, na leo mengine ni hoteli ambako mtu analipa pesa nyingi ili alale alikolala nyumbu. Mzee mmoja wa Matera, niliyefanya naye kazi, hakupenda kabisa kusikia mtalii akisema "maisha yenu yalikuwa mazuri, ya kawaida". Alipoteza dada wawili mle.

Na tatu, linaloniuma zaidi ni la leo. Si kila Mhindi wa Italia yuko bandani kama jirani yangu, mwenye mkataba na likizo. Upande wa Latina, kusini mwa Roma, Wapunjabi wengi wanavuna mboga na matikiti chini ya wanyapara wanaowakata ujira. Italia ilitunga sheria dhidi ya unyapara huo mwaka 2016, lakini haujaisha. Juni 2024 mfanyakazi mmoja wa Kihindi alikatwa mkono na mashine shambani, akaachwa mbele ya nyumba yake badala ya kupelekwa hospitali, akafariki. Usiku ule jirani yangu wa juu hakulala. Kwa hiyo mtu akiniambia "Wahindi hawahitaji vingi, wamezoea", namwona ni mwenye kutafuta sababu ya kutowalipa.

Ila bibi huyu wa chini ana pensheni, nyumba ni yake, na jibini anaweza kununua donge zima. Analikwangua ganda hata hivyo. Hiyo ndiyo sababu ya huu uzi.

#7 Mchangiaji, Brescia

Kaka, mimi ni mwanamke, natunza wazee huku huku Italia, Brescia, mwaka wa kumi na moja sasa. Umeandika vizuri lakini kuna kitu hujakisema. Hiyo supu ya kiporo inachukua saa tatu. Hiyo parata inataka mtu aamke saa kumi. Nani anaamka? Umetuambia baba anatoka saa tisa kwenda bandani, lakini mama naye yuko jikoni muda huo huo. Kwa Waitaliano hivyo hivyo. Wazee ninaowatunza wamejaa mapishi ya mama zao, na mama hao hawakukaa mezani, walikula wamesimama kando ya jiko. Uhindini na Utalianini, na kwetu pia, ule uchache unabebwa na mgongo wa mwanamke.

Lingine: Waitaliano wamebaki wapweke. Wana ile matembezi yao ya jioni, wamevaa vizuri, wanasalimiana uwanjani, ni jambo zuri kweli na halina gharama. Lakini mguu ukigoma, umekwisha. Mwezi wa Agosti, hasa ile sikukuu yao ya tarehe 15, mji unahama, mzee anabaki na mimi. Nyumba ya Kihindi haina mzee aliyeachiwa mtu wa kulipwa. Hapo kwangu Mhindi amemzidi Mwitaliano mbali sana.

#8 Mleta uzi

Dada, nimekubali, na nimekubali kwa aibu, maana nilikula zile parata miaka saba bila kuuliza nani aliamka. Nilipanda juu nikamuuliza mama mwenyewe. Alisema kazi haimchoshi, kinachomchosha ni kuifanya peke yake. Siku hizi mtoto wa kiume ndiye anayekanda unga Jumamosi. Baba alianza kwa kununa, sasa naye anaosha masufuria.

Kuna mdau ameniuliza faraghani kuhusu dini. Sitakwenda mbali. Italia wanaye Fransisko wa Assisi, aliyefariki 1226. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri wa nguo, na kijana alivua nguo zake zote mbele ya askofu, akamrudishia baba yake. India wanaye Gandhi, ambaye Septemba 1921 mjini Madurai aliacha mavazi ya kawaida akabaki na kitambaa kiunoni, akawa anasokota uzi kila siku ili Wahindi wavae khadi, nguo yao wenyewe, waache ya viwanda vya Uingereza. Mmoja mtoto wa muuza nguo, mwingine akawa msokota nyuzi, na wote wawili walianzia kwenye kile walichovaa. Mimi niliyeingia deni kwa ajili ya viatu nimeliwaza sana hilo.

Masingasinga lakini wana lao, nalo ndilo linalonigusa zaidi: vand chhakna, gawana unachokula. Kila hekalu lao, gurdwara, lina jiko la bure, langar. Pale Amritsar, kwenye hekalu la dhahabu, wanakula makumi ya maelfu ya watu kwa siku, chapati, dengu, wali, mboga, na wapishi na waosha vyombo wengi ni watu waliojitolea. Mnakaa sakafuni kwa mistari, waziri na mwombaji bega kwa bega. Napoli nao wana desturi yao: unaingia baa, unalipa kahawa mbili, unakunywa moja, ya pili inamngoja asiye na pesa. Wanaiita caffè sospeso. Naipenda sana. Lakini angalieni: Napoli anayetoa na anayepokea hawaonani, na heshima ya mpokeaji inalindwa kwa kutojulikana. Kwenye langar wanaonana uso kwa uso, na heshima inalindwa kwa kuwakalisha wote chini. Nikiulizwa nichague, nachagua sakafu.

#9 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, nirudi kidogo. Hawa wawili, wa chini na wa juu, wenyewe wanajuana? Au wewe tu ndiye unayepanda na kushuka ngazi?

#10 Mleta uzi

Swali zuri sana mkuu. Miaka minne walisalimiana tu mlangoni. Bibi alilalamikia harufu ya vitunguu na bizari, mama wa juu alilalamikia manung'uniko ya bibi.

Lililowaunganisha ni supu. Bibi alimpelekea yule mama mzaa baba alipougua, akatia ganda la Parmigiano kama kawaida yake. Supu ikarudi haijaguswa. Bibi alikasirika mpaka nilipomweleza: Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, na yule mama hali kitu chochote kilichomgharimu mnyama uhai. Mwanawe anakamua ng'ombe wa jibini ambalo mama yake hawezi kulitia mdomoni. Bibi hakuwahi kulifikiria hilo maisha yake yote. Akapika nyingine, maharage, karoti, figili majani na mafuta ya zeituni, bila ganda. Sufuria ikarudi tupu, ndani kuna achari ya limau.

Mwaka jana mwezi wa Aprili walitualika Novellara, mji mdogo wa mkoa huu huu, wenye gurdwara iliyofunguliwa mwaka 2000. Ni sikukuu yao ya Vaisakhi, wanaandamana mjini na kugawa chakula kwa yeyote anayepita. Bibi alikuja na lile koti lake la sufu. Magoti hayamruhusu kukaa chini, wakamletea kiti kando ya ukuta, akafunikwa kitambaa kichwani, akala dengu na chapati mbili. Aliniuliza nani analipa. Nikamwambia hakuna anayelipa. Akauliza tena, akidhani sikuelewa Kiitaliano chake. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu.

Jumapili iliyofuata alinigongea saa mbili asubuhi. Mlangoni kulikuwa na mfuko wa unga wa kilo kumi, amekwisha ununua, na yeye amevaa koti. Nikaubeba begani mpaka kituoni.